Kamera Niliyoivisha Kitambaa

Wadogo zangu wa maabara,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu aliyeandikiwa barua kwamba hana tena pa kuwahi. Nawashukuru. Nimeitundika sebuleni na inakwenda mbele kwa dakika saba, kwa hiyo nimestaafu mapema kidogo kuliko barua inavyosema. Mliniomba pia niwaandikie historia ya maabara yetu. Hiyo siiwezi. Historia inataka majina ya wakuu, miaka ya majengo na picha za wageni waliokuja kukata utepe, na hayo yote yapo kwenye mafaili ndani ya lile kabati lenye mlango usiofunga. Nitawaandikia ninachokijua mwenyewe: habari za baridi, na wiki moja nilipokaribia kumng'oa mtu kwenye shamba lake kwa sababu ya kitambaa.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na saba. Nilizaliwa Kasokola, kwa hiyo kurudi Mpanda na shahada kutoka Dar es Salaam kulikuwa kama kurudi nyumbani na viatu vipya: watu walitazama viatu. Mama yangu alitaka kujua shahada hiyo inatibu nini. Nikamweleza kwamba haitibu, inatazama vijidudu ili daktari ajue atibu nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Miaka yote hiyo, Skola, kutazama?"

Siku ya kwanza nilionyeshwa hadubini. Ilikuwa na kioo chini yake badala ya taa, na kazi ya kioo ilikuwa kulikamata jua na kulipandisha kwenye slaidi. Asubuhi tulikaa dirisha la mashariki, mchana tulihamisha meza, na wingu likipita wagonjwa walisubiri lipite. Nilikuwa nimesoma fizikia ya mwanga kwa vitabu vinene, na hakuna hata kimoja kilichotaja kuhamisha meza. Macho yangu yaliuma kwa miezi mitatu, kisha yakazoea, au yakakata tamaa, sijui.

Mwalimu wangu wa kwanza hakuwa mtu wa maabara. Alikuwa fundi wa friji, Mzee Shabani, mwenye kibanda chake mjini nyuma ya maduka ya vitambaa. Alitengeneza friza za soda na za samaki wanaotoka Karema, na hospitali ilimwita friji zetu zilipogoma. Alivaa kofia safi iliyofumwa kwa mkono na alibeba spana zake kwenye mkoba wa ngozi kama mwanasheria.

Alikuja mara ya kwanza nilipokuwa na miezi miwili kazini. Friji ya vitendanishi, yaani dawa zetu za vipimo, ilikuwa inanguruma mchana kutwa na ndani ni vuguvugu. Alisimama mlangoni akaiangalia kwa muda mrefu bila kuigusa.

"Nani ameisogeza ukutani?"

"Mimi, Fundi. Chumba kilikuwa kimebanana, nikapanga vizuri."

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Chuo kikuu."

"Basi nitaeleza taratibu."

Akaivuta friji mbele, akaukamata mkono wangu na kuuweka kwenye zile nondo nyembamba za nyuma. Palikuwa pa moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa.

"Baridi haitengenezwi," akasema. "Hakuna kiwanda cha baridi duniani. Kuna joto tu. Friji inalitoa joto ndani, inalileta huku nyuma, inalimwaga. Hili unaloshika ndilo joto la maziwa yako."

"Hatuweki maziwa humo, Fundi. Ni dawa za vipimo."

"Joto halijui hilo. Wewe ukiliziba mlango wa kutokea, linageuza, linarudi kulala ndani."

Nikaliandika hilo kwenye daftari langu la kazi kwa kalamu nyekundu na kulipigia mstari. Daftari ninalo hadi leo. Nalitaja ili mjue kwamba niliyoyafanya miaka kumi na kitu baadaye sikuyafanya kwa kukosa kufundishwa.

Miaka ya katikati nitaipita haraka. Tulipata umeme wa jenereta, kisha jenereta yenye saa zake, kisha hadubini zenye taa. Nilisoma slaidi za malaria za watoto, slaidi za malale za warina asali, na makohozi ya kifua kikuu kutoka kila upande wa mkoa. Nilijifunza kutofautisha makohozi na mate kwa kuangalia kikombe tu, ujuzi ambao hauna nafasi kwenye mazungumzo ya harusini. Na nilijifunza kufuma. Zamu za jioni zilikuwa ndefu, uzi ulipatikana kwa bei nzuri mjini, na mama yangu aliamini kwamba nyumba isiyo na vitambaa ni ghala. Kwetu Kasokola redio ilikuwa na kitambaa, makochi yalikuwa na vitambaa, mtungi wa maji na picha ya harusi ya wazazi wangu hali kadhalika. Kitu cha thamani kinafunikwa. Hilo halikuandikwa kwenye daftari kwa sababu hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kisha ikaja kamera.

Ililetwa na mradi wa utafiti, ndani ya boksi lililokuwa ndani ya boksi. Swali la mradi lilikuwa zuri, na bado naliona zuri. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa kwa miezi, anapata nafuu, lakini ukipaka makohozi yake rangi ya kawaida bado unaona bakteria. Je, wako hai, maana yake dawa zimeshindwa? Au ni maiti tu zinazotolewa kifuani polepole? Rangi ya kawaida haitofautishi. Mradi ulileta rangi nyingine ambayo bakteria aliye hai huila, kisha anang'aa kijani. Aliyekufa hali kitu, anabaki gizani.

Shida ni kwamba kung'aa kwenyewe ni hafifu na kunazimika upesi. Jicho la mtu huchoka, na jicho langu lilikuwa limechoka tangu enzi za kioo. Ndiyo sababu ya kamera: inafumbua jicho kwa sekunde nyingi na kukusanya mwanga kidogo kidogo, kisha programu kwenye kompyuta inahesabu nukta zinazong'aa. Ikizidi idadi fulani, mgonjwa anaandikwa "hai".

Mtaalamu wa mradi alikaa nasi siku tatu kuifunga. Ni yeye aliyeniambia, "Mama, hii kamera ni nyepesi ya kuona kiasi kwamba inaona hata joto lake yenyewe."

Wenye umri wa kukumbuka televisheni za zamani mtanielewa. Stesheni ilipopotea, skrini ilijaa chenga. Kamera nayo ina chenga zake. Kile kioo kidogo cha ndani kinachopokea mwanga hakitofautishi mgeni anayeitwa mwanga na mgeni anayeitwa joto. Wote wakigonga mlango wanaandikishwa. Picha ya harusi hupigwa kufumba na kufumbua, joto halipati nafasi ya kujiandikisha. Picha zetu zilichukua sekunde nyingi, na kila sekunde joto liliongeza nukta zake. Nyuzi joto sita au saba zikipanda, chenga zinakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo kamera ya namna hii inapozwa hadi nyuzi kumi chini ya sifuri. Ndani yake kuna kibati chembamba cha umeme kinacholisukuma joto kutoka kwenye kioo hadi mgongoni, na mgongoni kuna feni ndogo inayolitoa nje.

Mnaona tunakoelekea. Mimi sikuona.

Mtaalamu aliniachia kitabu cha maelekezo cha kurasa themanini. Nilizisoma kurasa kumi na mbili za kwanza kwa umakini mkubwa, nikipigia mistari. Kisha kiangazi kikaingia, na mnalijua vumbi la Mpanda mwezi wa tisa: unalala na shuka jeupe, unaamka na shuka la rangi ya tofali. Niliiogopea kamera yangu. Ilikaa juu ya shingo ya hadubini, ikitazama chini kupitia lenzi, na mgongo wake ulielekea darini bila kazi yoyote, kwa jinsi nilivyoona. Nikaifumia kitambaa, cheupe, ukingo wa waridi, chenye maua manne.

Kitambaa cha kufuma kina matundu, na huenda matundu yangetuokoa. Lakini matundu hupitisha vumbi. Hapo ndipo elimu ya chuo kikuu ilipoingia kazini: nikakishonea bitana ya popilini upande wa chini.

Wote waliingia maabara kukisifia. Daktari Lusajo, daktari wetu wa kifua kikuu, mtu asiyesifia kitu, alisema, "Sasa pamekuwa nyumbani." Kwa kuwa kamera inaangalia chini, kitambaa hakikuzuia picha. Niliiacha imewashwa na imevikwa asubuhi hadi jioni. Kwenye kona ya skrini palikuwa na namba inayoonyesha kamera imefikia baridi gani, ila namba hiyo nilikuwa nimeifunika kwa dirisha la matokeo ili nisihangaike kulifungua kila mara. Kwa ufupi, tulifunika kila kilichofunikika.

Mwezi wa kumi kiyoyozi cha chumba kilikufa. Wiki hiyohiyo alikuja Gervas.

Gervas alikuwa mkulima wa maharage kutoka Mwese, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mzaha wa chinichini. Alikuwa amemaliza miezi mitano ya dawa, hajaruka hata siku moja. Kadi yake ilikuwa imejaa alama kama shamba lililopandwa kwa kamba. Lakini makohozi yake bado yalionyesha bakteria. Daktari akaomba kipimo kipya.

"Daktari, leo mnanipiga picha?" akaniuliza akinikabidhi kikombe. Niliwahi kuwaeleza wagonjwa kwamba mimi si daktari, nikaacha. Inachukua muda na hawaamini.

"Tunawapiga picha wapangaji wako, Gervas, si wewe."

"Waambie watabasamu. Kodi hawalipi."

Programu ilihesabu nukta ishirini na sita, mara mbili ya kiwango. Nilizitazama kwenye skrini. Bakteria wa kifua kikuu ni kijiti, na kwenye lenzi ndogo tuliyotumia kijiti hicho huonekana kidogo sana, lakini bado ni kijiti. Hizi zilikuwa nukta za mviringo. Niliona, nikajiambia labda wamesimama wima. Mtu mwenye mashine mpya hupata maelezo ya kila kitu. Nikaandika "hai".

Daktari Lusajo alimweleza palepale kwenye benchi, nami nikisikia kupitia mlango ulio wazi. Dawa zimeshindwa. Inabidi apelekwe hospitali ya rufaa, mbali, mikoa mingi kutoka hapa, kwa dawa kali zaidi na sindano. Gari la mradi litaondoka Jumatatu asubuhi.

"Ni muda gani, Daktari?"

"Miezi. Huenda mwaka, huenda na zaidi."

"Mvua zinakuja wiki mbili hizi."

"Najua, Gervas."

"Mke wangu ana mtoto mgongoni na watatu chini." Kisha akauliza swali ambalo hadi leo nalisikia: "Hiyo picha haidanganyi?"

Daktari akageuka, akaniangalia. Nikasema, "Mashine haidanganyi." Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Gervas akaomba siku nne akawaage nyumbani. Akaondoka Jumatano.

Ijumaa asubuhi alikuja Mzee Shabani kutazama kiyoyozi. Alikuwa mzee kweli sasa, mkoba umebadilika rangi, kofia bado safi. Alipanda kwenye kiti, akafungua, akatikisa kichwa, akashuka. Ndipo akakiona kitambaa.

"Hiki umefuma mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mzee."

"Kizuri. Chini yake kuna nini?"

"Kamera. Ya hadubini."

Akaweka nyuma ya kiganja chake juu ya ua la kati, kama mtu anayemgusa mtoto paji la uso, akauondoa mkono haraka. Akaniangalia.

"Hii kamera inapoza?"

"Inapoza. Kumi chini ya sifuri."

"Basi ni friji."

"Ni kamera, Mzee."

"Dada Skola. Inatoa joto ndani inamwaga nje?"

Nilihisi masikio yangu yakichemka. Yeye akakivua kitambaa taratibu, akakikunja mara nne vizuri kabisa, akanikabidhi. Feni ndogo ya mgongoni ilikuwa imejaa nyuzi za popilini na haizunguki.

"Nilikueleza taratibu," akasema. "Labda ningekueleza haraka."

Nikalisogeza dirisha la matokeo kwenye skrini. Namba iliyokuwa imefichwa ilisomeka ishirini na mbili, juu ya sifuri. Mashine iliyotakiwa kuwa barafu ilikuwa na hali ya hewa ya Mpanda alfajiri.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningetakiwa kulifanya kila siku tangu mwanzo, na ambalo nyie mnalifanya bila kujua lilianzaje. Nilizima taa ya hadubini, nikaondoa slaidi, nikaziba njia ya mwanga, nikaiagiza kamera ipige picha ya giza. Sekunde zilezile, programu ileile. Programu ikahesabu kwa utulivu: nukta ishirini na nne. Nilikuwa na bakteria ishirini na wanne walio hai ndani ya giza tupu. Nikafungua picha za Gervas, nikaziweka kando ya ile ya giza. Nukta karibu zote zilikuwa palepale, kila moja kwenye kiti chake. Bakteria wa mgonjwa huhama ukisogeza slaidi. Hawa hawakuwa wa mgonjwa. Walikuwa wakazi wa kamera.

Nikaenda kwa Daktari Lusajo na kitambaa mkononi, sijui kwa nini nilikibeba.

"Gervas wa Mwese. Jibu langu halifai."

"Ni mzima?"

"Sijui. Jibu halifai, basi. Sijui kama wako hai au wamekufa."

"Jumatano ulikuwa na uhakika."

"Jumatano kamera ilikuwa imevaa hiki."

Alikiangalia kitambaa, akaniangalia mimi. Ningependa angefoka. Alisema tu, "Alikuuliza, Skola. Alikuuliza kama haidanganyi," kisha akafungua droo na kuniandikia fomu ya sampuli mpya. Slaidi ya zamani ilikuwa imeshazimika. Bila makohozi mapya hakukuwa na jibu, na bila jibu gari la Jumatatu lingeondoka na Gervas. Wengine waliopimwa wiki zile za kitambaa tuliwarudia pia, baadaye, mmoja mmoja. Ila ni Gervas pekee aliyekuwa anaagana.

Jumamosi nikapanda pikipiki ya hospitali nyuma ya dereva, boksi la barafu mapajani. Barabara ya Mwese mnaijua. Tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Kadiri tulivyokwea ndivyo hewa ilivyopoa, na nikawaza kwamba kama kuna Mungu wa kamera, angeipeleka kamera huku.

Nilimkuta Gervas uani, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akinoa jembe ambalo hangelilimia. Mkewe, Mama Editha, alikuwa mbele ya mkeka wenye mbegu za maharage zilizogawanywa mafungu mawili. Fungu dogo ndilo angeweza kulipanda yeye peke yake na watoto. Fungu kubwa lilikuwa la shemeji yake, angelichukua pamoja na shamba la bondeni. Mafungu yalikuwa yameshatengwa na kamba ya katani katikati.

Nilisalimia, nikapewa kigoda, nikakataa chai, kisha nikaikubali kwa sababu mikono yangu ilihitaji cha kushika. Nikasema yote. Nilisema kamera hupozwa ili isione joto lake, na joto lake hufanana na bakteria, na mimi niliizuia isipoe. Nikatoa kitambaa mkobani, nikakiweka juu ya goti langu kama kielelezo cha mahakamani.

Gervas alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "mwenye homa ilikuwa kamera."

"Ndiyo. Ilikuwa na homa."

"Na wewe ukaifunika."

"Nikaifunika."

Mama Editha akainua kichwa kutoka kwenye mbegu. "Mwenye homa hafunikwi," akasema. "Hata mtoto unamvua." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenifundisha kitu ambacho pengine huko mjini hakijafika.

"Sasa mimi ni mzima?" akauliza Gervas.

"Sijui. Naomba kikombe kingine. Kesho nitajua."

"Nichanganye mbegu?" akauliza Mama Editha.

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyoulizwa kazini, na nimewahi kuulizwa na wakaguzi. Aliniuliza mkono wake ukiwa umeshakaa juu ya ile kamba.

"Usichanganye bado, Mama. Lakini usimpe shemeji pia. Nipe hadi kesho."

Gervas akaenda nyuma ya migomba, kwenye upepo, akakohoa kwenye kikombe, akakifunga vizuri. Akanikabidhi bila mzaha wowote. Kisha nilipokuwa napanda pikipiki mzaha ukamrudia: "Ungeileta huku hiyo kamera. Mwese tungeitunza bila hata umeme."

Mama Editha alitoka nyuma yake. Alikuwa ameshika kitambaa nilichokuwa nimekisahau kwenye kigoda.

"Utakifanyia nini?" akauliza.

"Nitakichoma."

"Kitambaa kina kosa gani?" Akakikunja, akakiweka kwapani kwake, mazungumzo yakaisha.

Jumapili baada ya misa niliingia maabara peke yangu. Nilikuwa nimesafisha feni kwa brashi ya rangi na kuazima feni kubwa ya chumba cha chanjo. Nikasubiri saa moja na nusu hadi namba kwenye kona ikashuka kufikia kumi chini ya sifuri na kutulia. Nikapiga picha ya giza kwanza. Nukta moja. Nikapiga tena, nukta ileile mahali palepale. Nikaliandika jina lake kwenye daftari, mkazi mmoja wa kudumu. Kisha nikapaka makohozi ya Gervas.

Picha ya kwanza, giza. Nikasogeza slaidi, giza. Nilipiga picha hamsini, na kila moja ilikuwa nyeusi kama usiku wa Mwese, na yule mkazi mmoja pembeni. Nikaipaka slaidi nyingine rangi ya kawaida: maiti walikuwepo, wachache, wametawanyika. Ili nisijidanganye mara ya pili nikapaka pia makohozi ya mgonjwa mpya wa juzi, ambaye hajaanza dawa. Yakang'aa kijani kwa vijiti vyake halisi, vyembamba, vilivyopinda kidogo. Nilikuwa nimesahau walivyo wazuri. Samahanini, lakini ni wazuri.

Daktari Lusajo alikuja kutazama mwenyewe, alinifanya nirudie tena tangu mwanzo, kisha akaufuta mstari wenye jina la Gervas kwenye orodha ya gari la Jumatatu. Sampuli nyingine ilipelekwa maabara kubwa ioteshwe, na wiki nyingi baadaye jibu lilirudi kwamba hakuna kilichoota. Lakini siku hiyo sikungoja wiki nyingi. Nilipiga simu. Kwa Gervas mtandao hupatikana kwenye kichuguu juu ya nyumba, na kumbe Mama Editha alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi.

"Changanya mbegu," nikamwambia.

Akauliza katikati ya upepo, "Zote?"

"Zote, Mama."

Tangu siku hiyo, picha ya kwanza ya kila asubuhi katika maabara yetu ni ya giza. Wapya huniuliza kwa nini tunapoteza dakika tano kupiga picha ya kitu kisichokuwepo. Nimekuwa nikijibu kwamba ni utaratibu. Sasa mnajua. Msiache. Feni isafishwe kila Ijumaa. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye kamera vikikolea waridi wakati wa masika, vikaangeni juu ya jiko la mkaa hadi virudi bluu. Namba ya baridi ibaki wazi kwenye skrini, hata kama inawakera. Na jibu likikufurahisha sana, au likikutisha sana, lipigie picha ya giza kabla ya kulitamka mbele ya mtu.

Mzee Shabani alifariki miaka mitatu baada ya hapo. Kibanda chake sasa kinauza makava ya simu.

Mwezi uliopita, kwa kuwa nina saa ya ukutani na sina pa kuwahi, nilikwenda Mwese kuwasalimia. Gervas amenenepa, ana mvi, binti yao Editha ameolewa. Tulikula maharage ya shamba la bondeni. Juu ya kabati kulikuwa na redio ya sola, na juu ya redio kilikuwepo kitambaa changu, kimefuliwa hadi waridi imekuwa kama maziwa, maua manne yote yapo. Bitana wameing'oa.

Ilipofika saa ya taarifa ya habari Gervas akanyanyuka kwenda kwenye kabati. Kabla hajafika, sauti ya mkewe ikatoka jikoni:

"Umefunua?"

"Nafunua," akajibu, akakikunja kitambaa mara nne, akakiweka pembeni, ndipo akawasha.